Chuma kilichokutwa shimoni Mbagala: nani anayeweza kusema kiwanja ni salama?

Mjumbe wa Mtaa

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa upande wa Mbagala, Wilaya ya Temeke. Wiki hii mafundi waliokuwa wakichimba shimo la choo walikuta kitu cha chuma chenye kutu, kirefu kama mkono kutoka kiwikoni hadi vidoleni, kimechongoka upande mmoja. Waliacha sururu palepale wakatoka, tukapiga simu 112, na polisi wamekwisha kuzungusha utepe na kutueleza kwamba wataalamu wa jeshi wataletwa. Hadi hapo sina malalamiko.

Mzozo umezuka kwenye kikao cha wakazi. Wengi wetu tulikuwapo tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha ya kambi ya jeshi yalipolipuka na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha, kwa hiyo hakuna anayehitaji kuelezwa chuma hicho kinaweza kuwa nini. Kinachobishaniwa ni aina ya mtaalamu. Mwalimu mmoja anataka waje wachunguzi wa milipuko ili ijulikane kama kweli kilitoka kwenye maghala yale. Vijana wanataka waletwe panya buku wa Morogoro wanaonusa mabomu. Mwenye kiwanja, ambaye amekwisha kulipa mafundi malipo ya awali, anasema mwanajeshi akishakiondoa, kazi imekwisha na shimo liendelee siku inayofuata. Naomba wenye ujuzi wanieleze: je, hawa ni watu wa fani moja wanaoitwa kwa majina tofauti? Na ni yupi kati yao anayeweza kutamka kwamba kiwanja, wala si chuma hicho pekee, ni salama kuchimbwa?

Mhandisi Medani Mstaafu

Ndugu Mjumbe, swali lako la mwisho ndilo lenye uzito, nami nitalifikia baada ya kueleza kazi ninayoijua.

Mtegua mabomu huitwa kwa sababu ya kitu kimoja ambacho mahali pake panajulikana. Anakuja kukitambua, kuamua kama kinaweza kusogezwa, na kukiondoa au kukilipua kwa namna ambayo haitamdhuru mtu. Watu hudhani kutegua ni kukata waya, kwa sababu ndivyo filamu zinavyoonyesha. Kwa kombora la kijeshi lililozeeka hakuna waya wa kukata. Kuna fyuzi, yaani kifaa kinachowasha kilipuzi kilichomo ndani, na hiyo ndiyo inayomnyima mtaalamu usingizi. Fyuzi nyingi za mizinga hutengenezwa zikae katika hali ya usalama hadi kombora lifyatuliwe, kwani ni msukumo wa ghafla wa kufyatuliwa na kule kuzunguka hewani vinavyofungua vizuizi vya ndani. Sasa, ghala linapolipuka, kombora hurushwa bila kupita kwenye mtutu. Limepata msukumo, lakini si ule uliokusudiwa, na pengine kizuizi kimoja kimefunguka na kingine bado. Ukilitazama kwa nje huwezi kujua. Ndiyo maana makombora yaliyorushwa na moto wa ghala huhesabiwa kuwa ya hatari hata kama hayajawahi kupigwa, na ndiyo maana mara nyingi huamuliwa yalipuliwe yalipo, yakiwa yamezungushiwa viroba vya mchanga, baada ya nyumba za jirani kuhamwa. Kwa hiyo wakazi wako wasishangae wakiambiwa waondoke kwa saa kadhaa kwa ajili ya kitu kimoja tu.

Mtegua mabomu wa mjini, yule anayeshughulika na bomu lililotengenezwa na mhalifu na kufichwa kwenye begi au gari, ana ujuzi wa ziada na vifaa vingine. Roboti ya kwanza ya kazi hiyo ilibuniwa na Waingereza mwaka 1972 kwa ajili ya Ireland ya Kaskazini, na vazi la kinga analovaa mtegua huyo lina uzito wa makumi ya kilo. Hilo halikuhusu kwa leo.

Wakimaliza, wataandika taarifa. Isome kwa makini, kwa sababu kwa kawaida itasema kwamba kitu fulani kilikutwa mahali fulani na kimeondolewa au kimeteketezwa. Taarifa hiyo haitoi ushuhuda wowote juu ya udongo uliobaki. Mwenye kiwanja anachanganya mambo mawili.

Aliyekuwa Gaza

Namuunga mkono Mzee, nami nizungumzie upande wangu. Nilifanya kazi ya kuondoa mabomu ya kutegwa ardhini katika mkoa wa Gaza, kusini mwa Msumbiji, kabla nchi hiyo haijatangazwa kuwa huru dhidi ya mabomu hayo mnamo Septemba 2015. Kazi yetu haianzi na kitu. Inaanza na eneo. Kwanza wanaulizwa wenyeji: ng'ombe alifia wapi, askari walipiga kambi wapi, njia gani iliachwa kupitwa. Sehemu kubwa ya ardhi inayoogopwa huachiliwa kwa njia hiyo bila mtu kuingia na kifaa, kwa kuwa ushahidi unaonyesha kwamba hapakuwahi kutegwa chochote. Kinachobaki huwekewa alama, kikagawanywa katika vijia vyembamba, na kila mteguzi hupewa kijia chake, akipitisha kifaa cha kutambua chuma na kuchokonoa udongo kwa pembe ya ulalo kila kinapolia. Huwezi kuruka hatua moja, kwa sababu mwisho wa yote utakabidhi ardhi kwa mkulima ambaye atalima akikuamini.

Kuhusu panya, vijana wako hawajakosea kuwasifu. Shirika la APOPO, lenye asili ya Ubelgiji na linalofanya kazi katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, huwafundisha kunusa TNT, kilipuzi kinachojazwa kwenye mabomu mengi. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia mwaka 2016, akagundua zaidi ya mabomu 100, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA. Faida yao ni kwamba hawajali chuma. Mahali penye misumari na vifuniko vya chupa, kifaa kitalia kila hatua, ilhali panya hupita. Ataweza kumaliza mita za mraba 200 kwa dakika kama 20, eneo ambalo mtu mwenye kifaa anaweza kulishughulikia kwa siku kadhaa. Lakini panya hufungwa kamba na kutembezwa juu ya ardhi iliyofyekwa, akitafuta bomu lililo karibu na uso wa ardhi, na akishakwaruza mahali, bado ni binadamu anayekwenda kuthibitisha. Kwa kitu ambacho mmekwisha kukiona hamna haja naye. Kwa kombora lililozama mita moja na nusu kwenye mchanga wa Mbagala, nisingemtegemea.

Na hapo ndipo ninapotaka Mjumbe aandike kwenye daftari lake: kina. Ardhi husemwa kuwa safi hadi kina fulani, si hadi upande wa pili wa dunia. Kwa mabomu ya kutegwa kina hicho mara nyingi ni sentimita 10 hadi 20 hivi tu, kwa sababu bomu hutegwa ili likanyagwe. Kombora zito lililoanguka kutoka juu huzama zaidi, hutafutwa kwa vifaa vikubwa vinavyosoma chini zaidi, na shimo la choo huenda chini kuliko vyote. Mtu akikuambia kiwanja kimekaguliwa, muulize kimekaguliwa hadi wapi.

Mkemia wa Maabara

Mwalimu wenu naye asipuuzwe, ingawa ametaja fani isiyohitajika kwanza. Mchunguzi wa milipuko kwa kawaida hufika baada ya mlipuko, akasoma matukio kinyumenyume. Jijini Dar es Salaam mfano unaojulikana ni shambulio la Agosti 7, 1998 kwenye ubalozi wa Marekani, lililoua watu 11. Katika eneo la namna ile, wategua mabomu huingia kwanza kuhakikisha hakuna bomu la pili lililoachwa kwa ajili ya waokoaji. Baada yao ndipo wachunguzi huweka mpaka, ambao kwa mwongozo unaofuatwa na wengi huwa mara moja na nusu ya umbali wa kipande cha mbali zaidi kilichoonekana, kisha vifusi huchekechwa, vipande vya gari hukusanywa, na pamba hupitishwa juu ya vyuma ili maabara itambue masalia ya kilipuzi. Pia huchukuliwa udongo wa mahali ambapo mlipuko haukufika, ili kulinganisha. Wengi husahau sampuli hiyo, na bila hiyo mwanasheria wa utetezi ataubomoa ushahidi wote.

Kwa chuma chenu, asili yake yaweza kujulikana bila maabara, kwa kuwa makombora hupigwa chapa ya aina na toleo la kiwandani, mradi kutu haijaila. Hiyo ni kazi ya mtaalamu atakayekikaribia; asitokee kijana wa kwenda kukipiga picha.

Niongeze jambo moja ambalo halikuulizwa. Baruti inayosukuma kombora huzeeka. Huvunjika polepole na kutoa joto, na viwandani huchanganywa na kemikali ya kuituliza, ambayo nayo hupungua kadiri miaka na joto vinavyoongezeka. Ikiisha bila mtu kupima, baruti yaweza kuwaka yenyewe. Kwa hiyo kuna mtaalamu wa nne ambaye hakutajwa kikaoni, yule anayekagua maghala na kupima sampuli za baruti, na kwa jiji lililopata milipuko ya maghala ya jeshi Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto Februari 2011, mimi ningemtaja wa kwanza.

Mjumbe wa Mtaa

Nawashukuru sana, na Mzee, shikamoo. Nimebakiwa na mambo mawili. Mwenye kiwanja anauliza kama anaweza kuhamishia shimo kwenye kona ya pili ya kiwanja wakati tunasubiri. Pia kuna vijana wa vyuma chakavu wanaopita hapa kila asubuhi, na utepe hawauheshimu.

Mhandisi Medani Mstaafu

Marahaba. La kwanza, hapana. Mtikisiko wa sururu hausimami kwenye kona, na pia makombora yaliyorushwa kwa pamoja yanaweza kuangukia karibu karibu. Asubiri, na wataalamu watakapokuja, wewe kama mjumbe pelekea ofisi ya mtendaji ombi la maandishi kwamba kiwanja chote kipekuliwe. Majibu yataje mipaka ya eneo, kifaa kilichotumika na kina kilichofikiwa, na kina hicho kizidi kile atakachochimba fundi. Kikiwa pungufu, shimo lichimbwe kwa hatua, likipekuliwa upya kila linapoongezeka.

La pili linanitia hofu kuliko la kwanza. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, bomu la mkono liliua wanafunzi na kujeruhi makumi ya wengine, na taarifa za wakati ule zilisema mwanafunzi alikuwa ameliokota akidhani ni chuma chakavu. Waombe polisi waache mlinzi hata usiku, uwaweke watu umbali usiopungua mita 100 na nyuma ya kuta, kisha nenda mwenyewe kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma wa mtaa huo, uwaeleze umbo la kitu hicho na uwaambie wasipokee kinachofanana nacho. Waulize pia, kwa upole na bila kuwatisha kwa polisi, kama wamewahi kuletewa kingine. Jibu lao litawasaidia wapekuzi kujua waanzie wapi.