Yah: Nimepata wa kuzungumza naye Kihindi, nianzie wapi?

Kutoka: Makole, Dodoma

Shikamooni kaka na dada mlioko India. Nakwenda Lucknow kusoma shahada ya pili. Masomo ni kwa Kiingereza, ila naambiwa sokoni na kwa mwenye nyumba Kiingereza hakifiki mbali. Hapa mjini nimempata mama mmoja kutoka Delhi, mumewe ni mhandisi. Yeye anataka Kiswahili cha kununulia nyanya, mimi nataka Kihindi. Tutaonana Jumamosi. Mimi ni mwanaume, kama hilo lina uzito wowote.

Kutoka: Delhi

Marahaba mdogo wangu. Umebahatika, maana ndugu zetu wenye asili ya India hapo Tanzania wengi wao ni wa Kigujarati na Kikachi. Kihindi wanaweza kukijua, lakini sicho cha jikoni kwao. Na Lucknow ni kwenye Kihindi chenyewe. Ungekuwa unakwenda Chennai ningekwambia mtafute Mtamil.

Hilo la uanaume lina uzito kuliko yote. Kitenzi cha Kihindi kinamfuata msemaji: mwanaume akisema anakwenda ni "main jaata hoon", mwanamke ni "main jaati hoon". Ukimwiga huyo mama kila anachosema, utashuka Lucknow unajitaja kama binti, na madereva wa bajaji watakuwa na la kusimulia jioni. Mwombe mapema: kila mfano wa "mimi" autoe kama mumewe angeusema. Upatanisho wenyewe hautakushinda, sisi tumekua na kiti kizuri na viti vizuri. Kwao ni "achchha ladka" kwa mvulana, "achchhi ladki" kwa msichana.

Kisha kuna pumzi. Kh yao si ile ya Alkhamisi, ni k inayosukumwa na pumzi. "Khaana" ni chakula, "kaana" ni mwenye chongo! Weka kiganja mbele ya mdomo uisikie. Mwache yeye atamke maneno mawili mawili ya namna hiyo, wewe useme tu ni lipi. Sikio likishazoea ndipo ujaribu kutamka. Kazi hii kitabu hakiiwezi, ndiyo maana unamhitaji mtu.

Namba ndizo zitakutesa. Hakuna "ishirini na moja, thelathini na moja" ya kuunganisha. 21 ni ikkees, 31 ni ikattees, 41 ni iktaalees, na mpaka 99 mambo ni hayo hayo. Kariri kidogo kidogo. Saa nazo: "aath baje", yaani saa nane kwa hesabu yao, asubuhi ni saa mbili yetu. Mama atababaika na hilo hilo kwa upande wake, kwa hiyo pangianeni miadi ya uongo na kweli mpaka mzoee wote wawili.

Heshima ni rahisi. Sema "aap", yaani wewe ya heshima, kwa kila mtu, weka "ji" baada ya jina. "Tu", ile wewe isiyo na heshima, usiiguse.

Na gaweni muda: nusu Kihindi kitupu, nusu Kiswahili kitupu. Kiingereza mnakijua wote, kitawavuta. Msikae barazani tu na chai. Nendeni Soko la Majengo, yeye apatane bei kwa Kiswahili, wewe umtajie bei hiyo hiyo kwa Kihindi.

Kutoka: Pune

Kaka amemaliza, mimi naongeza mawili. Mumewe ajue, na muonane mahali pa wazi. Ni mke wa mtu huyo, na Dodoma kwa maneno tunaijua. Halafu anza herufi za Devanagari, ndizo za kuandikia Kihindi, sasa hivi. Ukiandika kwa herufi zetu, t zao nne zote zinaonekana moja. Huku Pune watu ni wa Kimarathi, lakini herufi ni zile zile, na vibao nilivisoma kabla sijaweza kuongea.

Kutoka: Makole, Dodoma

Asanteni sana. Mumewe nimeshaongea naye. Amesema Majengo anakuja na yeye, maana nyanya anauziwa kwa bei ya mhandisi.