Mrejesho: Vigae vya Juani vimetoka baharini

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini vigae (vipande vya vyungu vya kale) nilivyookota kisiwani Juani, Mafia, kwenye ramani ya kompyuta vinaonekana vinaelea baharini, hali niliviokota nchi kavu kwa miguu yangu mwenyewe.

Aliyesema nitazame datamu, yaani msingi ambao vipimo vya mahali kwenye ramani huanzia, alipatia. Ramani ya zamani niliyoiskani imechorwa kwa datamu ya Arc 1960, GPS inasoma datamu nyingine, WGS 84. Mimi nikazichanganya kama uji na ugali, na kila nukta ya kigae ikasogea kusini kwa takribani mita 300. Ndani ya QGIS, programu ya ramani, nimeipa ramani namba ya mfumo wake (EPSG 21037, ya Arc 1960) na nukta namba ya wao (EPSG 32737, ya WGS 84), zikakaa mahali pake. Wiki mbili nilizolaumu kifaa cha watu!

Mengine bado. Karibu na magofu ya Kua, mji wa kale wa hapo Juani, palipofyekwa, nukta zimejazana; kwenye vichaka vya juu ya mawe ya matumbawe hakuna hata moja. Nilitaka kuandika kwamba huko hawakuishi watu. Sithubutu tena, maana vichaka viliifunika ardhi yenyewe, sikuiona. Sasa kila mstari ninaotembea naandika pia ardhi inaonekana kwa kiasi gani, kwa alama ya moja hadi tano. Inachosha, ila msimamizi wangu kaacha kuguna.