Jukwaa la wateja: Discourse, Flarum, phpBB, au tubaki Discord?

MlangoWaMsaada: Heshima kwenu wakuu. Wateja wetu wanauliza maswali yale yale kila wiki kwa barua pepe, nasi tunanakili majibu yale yale. Tunataka waulizane hadharani, ajaye kesho akute jibu la jana. Tuko wahudumu wawili na fundi mmoja wa kuazima. Bosi anasema Discord, ile programu ya soga, inatosha, maana ipo na ni bure. Kati ya hiyo na programu za jukwaa kama Discourse, Flarum na phpBB, mngekuwa ninyi mngechukua ipi?

Jicho_la_Tatu: Discourse, bila kusita. Wengi huangalia sura. Mimi naangalia nani atafagia uchafu saa nane usiku. Ina ngazi za uaminifu, kuanzia 0 hadi 4. Mgeni hawezi kumwaga viungo vya tovuti na picha anavyotaka. Kwa mipangilio ya awali, anapanda ngazi ya 1 akishafungua mada 5, akasoma machapisho 30 na kutumia dakika 10 kusoma. Mwenyeji wa ngazi ya 3 akiripoti spamu ya mgeni wa ngazi ya 0, chapisho linafichwa papo hapo, hata kama nyinyi mmelala. Kwa wahudumu wawili hilo ni sawa na kuongezewa mtu wa tatu.

FundiSeva: Jicho_la_Tatu hajasema upande wa pili. Discourse imejengwa kwa Ruby on Rails (mfumo wa kuundia programu za wavuti) na hifadhidata za PostgreSQL na Redis, na njia rasmi ya kuisimika ni Docker, yaani kifurushi chenye kila inachohitaji. Kwenye ile hosti ya bei poa ya kushirikiana, sahau. Unahitaji seva yako yenye ramu ya GB 1 kwa uchache pamoja na swapu (nafasi ya diski inayosaidia ramu). Mimi siwezi kuanza chini ya GB 2. Halafu barua pepe. Zisipotoka, hata kuthibitisha akaunti ya msimamizi wa kwanza kunaweza kuwa shida. Watoa seva wengi hufunga mlango wa 25 (port ya kutumia barua pepe), kwa hiyo tafuta kwanza huduma ya kutuma barua.

phpBB ipo tangu 2000, inataka lugha ya PHP na hifadhidata tu, inakimbia popote. Flarum nayo ni PHP, nyepesi na inapendeza machoni, ila mambo mengi unaongeza kwa programu jalizi, vipande vya ziada ambavyo vingi hutengenezwa na watu wengine. Ukisasisha Flarum kabla ya wenye jalizi kusasisha zao, shughuli unayo.

kobe_mpole: XenForo je? Nayo ni programu ya jukwaa, wameianzisha watu waliotoka vBulletin, programu ya majukwaa ya zamani, imetulia sana. Leseni ni ya kulipia lakini.

Mtunza_Kabati: Naomba nimjibu bosi. Discord ni baraza la kupiga soga, si kabati la majibu. Mteja akiandika tatizo lake kwenye injini ya utafutaji, mliyoyasema mle ndani hayaoni. Atawaandikia barua pepe, mtarudi pale pale. Slack ya bure, ile soga ya kazini, nayo inaficha ujumbe uliozidi siku 90.

Na mkuu, kabla ya kuingia uliza mlango wa kutokea. Sisi tuliwahi kukaa kwenye huduma moja ya kukodi, ikatangaza kufunga. Machapisho tuliyapata, nywila hapana, viambatisho nusu. Kila mwanachama ikabidi aweke nywila upya, na wengi hawakurudi tena. Discourse, phpBB na Flarum zote ni programu huria: ukiwa na bekapu ya hifadhidata na mafaili, unahamia seva nyingine siku hiyo hiyo.

MlangoWaMsaada: Asanteni sana, hoja ya injini ya utafutaji nampelekea bosi kama ilivyo. Swali moja: wateja tayari wana akaunti kwenye mfumo wetu. Watajisajili mara ya pili?

FundiSeva: Hapana. Discourse ina DiscourseConnect: mtu anaingia kwenu, jukwaa linampokea. Fundi wako atahitaji kuandika kidogo upande wenu. Washa pia ile jalizi ya Solved, aliyeuliza aweke alama kwenye jibu lililomsaidia.

Jicho_la_Tatu: Na usifungue jukwaa likiwa tupu. Chukua maswali ishirini ya kwenye barua pepe, futa majina ya wateja, yaweke na majibu yake. Makundi mawili au matatu yanatosha kuanzia.

MlangoWaMsaada: Nimeshayapata kumi na manne, saba kati yake yanahusu kusahau nywila 😅. Fundi anaangalia seva ya GB 2 leo.