Re: Nagoya na watoto, wikiendi twende wapi? (Little World ya Inuyama)

Kutoka: mdogo wenu wa Kisasa, Dodoma, sasa hivi Nagoya, Japani

Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Familia ishafika, tunamshukuru Mungu, mama watoto na wawili, mkubwa yuko la pili, mdogo ana miaka minne. Posho ya skolashipu mnaijua wenyewe ilivyo. Wiki nzima mi niko maabara wao wako ndani, mama watoto ameanza kuniambia hata gerezani kuna siku ya kutoka nje. Kuna mtu kanitajia makumbusho ya wazi huko Inuyama inaitwa Little World, yenye nyumba za asili za dunia nzima, ila jamaa mmoja wa hapa hosteli anasema usiende, wametuweka Waafrika kwenye vibanda vya nyasi watu wanakuja kupiga picha. Nyie mliosoma huku mkarudi, mlienda? Inafaa au niwapeleke tu kwenye bembea za mtaani, bure?

--

Kutoka: dada yenu wa Nkuhungu

Marahaba mdogo wangu, hongera kwa familia kufika salama. Tulienda sana, maana wa kwangu wa kati alipapenda ikawa kila Jumamosi anauliza. Nitaandika kirefu, umeme hamna huku na simu ina chaji, wenye haraka mnivumilie.

Kwanza usichanganye. Inuyama kuna sehemu mbili za namna hiyo. Meiji Mura ni ya Wajapani wenyewe, majengo yao ya enzi za Mfalme Meiji yaliyohamishiwa pale yasibomolewe, ilifunguliwa 1965, nzuri kwa watu wazima lakini watoto watakuvuta shati mapema. Little World ndiyo ya dunia nzima, hiyo ni ya 1983. Mabasi yake ni tofauti kwa hiyo pale stesheni soma kibao cha basi kabla hujapandisha watu.

Toka Nagoya ni treni ya Meitetsu, kama nusu saa mpaka Inuyama, alafu basi kama dakika ishirini. Hayo mabasi ni machache, ukishuka tu ipige picha ratiba ya kurudi. Huyo wa miaka minne hana nauli, wa la pili ni nusu. Kadi ya ukaazi usiiache hosteli, kule sheria inataka utembee nayo hata ukienda dukani kununua maziwa. Kiingilio enzi zetu kilikuwa karibu yeni 2,000 mtu mzima, wewe zidisha kwa bei ya yeni ya siku hiyo uone shilingi zake mara moja kisha usahau, maana ukikaa unabadilisha kila kitu kichwani hutakula siku hiyo. Dirishani toa kitambulisho cha chuo uulize bei ya mwanafunzi wa kigeni, usione aibu, wenzako wanauliza.

Ndani njia ni moja, inazunguka kama kilometa mbili na nusu na ina miinuko. Unaanza na Okinawa, unapita Samoa, Peru, Bali, unakuta kijiji cha Wajerumani wa Bavaria, Wafaransa wa Alsace, alafu zile nyumba za mawe za Alberobello Italia zenye paa kama pia, na Afrika iko baada ya hapo, kwa hiyo ukiacha watoto wamalize nguvu kwenye kila mlango, mkifika Afrika mmoja amelala begani na mwingine anadai juisi. Kuna kibasi cha humo humo ndani kinachozunguka, lipia, kikushushe huko mbele kwanza asubuhi wakiwa bado wana akili zao. Mengine mtayakuta mkiyakuta.

Sasa hilo la vibanda vya nyasi. Simlaumu huyo mwenzako, ila sidhani alifika ndani. Pale hamna nchi iliyowekewa majengo ya kisasa. Mjerumani kawekwa na nyumba za vijijini, Mkorea nyumba ya mkulima, Mjapani mwenyewe wa Okinawa nyumba ya mababu, yaani wote mmewekwa kizamani kwa usawa. Tanzania ipo, na nyumba yetu ni ya Wanyakyusa. Ndiyo, Wanyakyusa, wamewahi hadi Japani! Mume wangu ambaye kwao ni Tukuyu alikagua mianzi ya ule ukuta kwa mkono fito moja baada ya nyingine kama fundi anayetaka kukataa kazi, kisha akaanza kuwaeleza wazee wa Kijapani waliokuwa wanapita, kwa Kijapani chake cha sokoni, kwamba hii ni kwetu, na wale wazee wakawa wanainama na yeye anainama mpaka nikaenda kukaa pembeni.

Tembe la Kigogo, ile nyumba yetu ya udongo yenye paa bapa, hamna, nalisema kwa uchungu. Lakini usipite nyumba ya Wakassena wa Burkina Faso. Kuta nene za udongo zimechorwa nakshi, mlango mfupi unaingia umeinama, na juu paa bapa la udongo juu ya miti, watu wanapanda na kuanika nafaka. Wa kwangu wa kati alisimama pale akasema kwa sauti, mama hii ya bibi. Bibi yao yuko Mvumi na tembe lake la zamani lilikuwa bado limesimama upande wa zizi, ndiko alikokuwa anaanika mtama juu ya paa huku mbuzi wako uani. Yule mtoto tulimpeleka Mvumi akiwa mdogo kiasi nilidhani hakumbuki kitu, na siku ile kwenye basi alinihoji mpaka stesheni, kwa nini sisi Nkuhungu tuna bati, nani alijenga, mvua ikinyesha paa haliyeyuki? (Linavuja, nilimwambia, ndiyo maana kila mwaka linaongezwa udongo.) Nikamweleza na Operesheni Dodoma ya 1970, jinsi watu walivyohamishiwa vijiji vipya wakaacha matembe yao nyuma, mambo ambayo hapa Dodoma kwenyewe sikuwahi kukaa chini kumweleza. Hiyo peke yake ilinirudishia kiingilio.

Kisichonipendeza nakitaja pia. Karibu na nyumba za Afrika wanauza nyama za mishikaki, ya mamba, ya ngamia, ya mbuni, na watu wanapanga foleni wakiamini ndicho chakula chetu. Mimi Mgogo wa Mvumi, nimekulia ugali wa uwele na mlenda, mamba wa kula nimekutana naye Japani. Wangeweka hata mlenda mmoja.

Kuna kukodi nguo za asili, unavaa unapiga picha kisha unarudisha, unalipia kwa kila mtu kwa hiyo waambie watoto wachague nchi moja kabla hamjaanza, binti yangu alivaa ya Kikorea na ile picha ndiyo iko sebuleni mpaka leo. Na usiende Agosti. Unajiona mtu wa Dodoma umezoea jua, jua la huku kwetu ni kavu unakaa chini ya mti unapona, la Nagoya lina unyevu, hata kivulini unatoka jasho tu. Oktoba au Novemba ndiyo raha yake. Na ile wiki ya sikukuu zao mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei kaeni nyumbani, Japani nzima inakuwa barabarani.

--

Kutoka: kaka wa Kondoa, niko mji wa Toyota

Assalam aleykum. Dada kasema yote, mi naongeza la chakula kwa wenzangu tusiokula kitimoto. Soseji za kwa Wajerumani ni nguruwe. Upande wa India na Uturuki utaona kari na kababu ukadhani uko salama, lakini uliza nyama imechinjwaje na mchuzi umetiwa nini, huku pombe ya kupikia inaingia hadi kwenye sosi ambazo huzidhanii. Mi sibahatishi, mke wangu anakaanga maandazi na kuchemsha mayai usiku, tunapita duka dogo tunachukua wali wa kufungwa na samaki, tunakula kwenye mabenchi. Beba na mfuko wa takataka, mapipa huku ni ya kutafuta, taka unarudi nazo nyumbani.

--

Kutoka: mdogo wenu wa Kisasa

Asanteni sana wakubwa zangu, nimemsomea mama watoto amesema Oktoba ni mbali ila atangoja. Jamaa wa hosteli nimemwambia twende wote. Swali la mwisho, kigari cha mtoto kinapita?

--

Kutoka: dada yenu wa Nkuhungu

Kwenye njia kuu kinapita, kwenye miinuko utasukuma wewe si mama watoto. Ila nyumba nyingi unakiacha nje, na baadhi mnavua viatu, kwa hiyo siku hiyo vaeni soksi zisizotoboka.