Mafundi wa sola wa Uganda, kwa nini umeme wetu wa mchana mnauacha upotee?

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kampuni iliyonifungia sola nyumbani kwangu Mukono, ambayo sitaitaja jina, ilipokea malipo yake yote, kisha ikaniachia mtambo ambao kila siku yenye jua, kuanzia betri inapojaa hadi alasiri, huzalisha sehemu ndogo tu ya umeme unaoweza kuzalishwa. Kila ninapoomba ziada hiyo ielekezwe kwenye hita ya maji na kwenye gari langu la umeme, najibiwa kwamba haiwezekani, au kwamba ninunue betri ya pili.

Paneli zangu ni za kilowati 5. Saa sita mchana, jua likiwa la utosi, kioo cha inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani, huonyesha betri imefika asilimia 100 na paneli zinatoa wati 400 tu, yaani kiasi kinachotumiwa na friji, kompyuta na feni ya ofisi yangu ya uhasibu iliyo hapa hapa nyumbani. Asiyejua atadhani paneli ni mbovu. Ukiwasha birika la umeme, tarakimu ya paneli hupanda papo hapo hadi wati 2,400 na betri haiguswi. Maji yakichemka na birika likajizima, tarakimu hurudi kwenye 400. Maana yake ni kwamba nguvu ilikuwapo juu ya paa muda wote, ila inveta, kwa kukosa pa kuupeleka umeme, iliamua kutouzalisha. Umeme huo haukuhifadhiwa wala haukuuzwa kwa yeyote. Nimeulipia kwa kununua paneli, na bado siupati.

Jioni ndipo uchungu unapozidi. Familia inataka kuoga, hita inawashwa, na yuniti za Yaka, yaani umeme wa gridi wa malipo ya kabla, zinakwenda (yuniti moja ni kilowati moja ikitumika kwa saa moja). Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 22 hadi 60 kunahitaji takriban yuniti 4.4, na kwa bei ya kama shilingi 700 kwa yuniti, hiyo ni kama shilingi 3,000 kila siku, na kwa mwezi ni kama shilingi 90,000 za maji ya kuoga peke yake. Tangi hilo hilo lingeweza kupashwa mchana kwa jua nililokwisha kulilipia, kwa kuwa tangi lenye sponji nzuri ya kuzuia joto hukaa na maji ya moto hadi usiku. Tangi la maji ni hifadhi ya nishati iliyokwisha kununuliwa na iliyomo ndani ya nyumba, na ndiyo maana nakasirika nikiambiwa ninunue betri nyingine ya mamilioni ya shilingi.

Sababu ya kwanza waliyonipa ni mita. Walisema mita nyingi za malipo ya kabla hazikutengenezwa kupokea umeme unaorudi kwenye gridi, kwamba nyingine huuhesabu kana kwamba umeutumia, na nyingine hujikata kwa kudhani kwamba unaichezea. Hilo ni kweli na sibishani nalo, na walifanya vyema kuzuia umeme usitoke nje. Lakini mimi sikuomba kuuza umeme kwa mtu yeyote. Niliomba utumike ndani ya kuta zangu, upande wangu wa mita, bila kurudi kwenye gridi.

Sababu ya pili ni kwamba hita yangu ya kilowati 3 ni kubwa mno na itamaliza betri. Hoja hii nayo ina majibu ambayo fundi yeyote aliyesoma anayafahamu. Inawezekana kubadilisha elementi, yaani kile chuma kinachopasha maji, na kuweka ya kilowati 1 au 1.5, ambayo si ghali, huku kidhibiti joto na vali ya usalama vikiachwa mahali pake. Inawezekana kutumia rilei, yaani swichi ndogo inayojiendesha, iliyomo ndani ya inveta nyingi za siku hizi, ukaiagiza iwashe kontakta (swichi kubwa) ya hita pale tu betri inapozidi asilimia 95 na kuizima ikishuka chini ya 90. Au kifungwe kifaa kinachopima ziada kila sekunde na kuipa hita kiasi hicho tu, hata kikiwa wati 300. Vifaa vya namna hiyo vimeuzwa Uingereza kwa zaidi ya miaka 10, na huko mwezi wa Desemba jua huzama karibu saa kumi jioni. Sisi tulio jirani na mstari wa Ikweta, tunaopata saa zisizopungua 12 za mchana mwaka mzima, tunaambiwa haiwezekani!

Kuhusu gari, ninakubali kwamba jambo linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu chaja ya kawaida ya nyumbani haishuki chini ya ampea 6, ambazo ni kama wati 1,400, hivyo ziada ikiwa ndogo kuliko hapo haifai kitu. Hata hivyo gari langu hushinda uani siku nyingi. Safari ya kwenda Kampala na kurudi ni kama kilomita 42, nayo hula yuniti 7 au 8, kiasi ambacho mchana mmoja wenye jua unaweza kukilipa karibu chote. Nchi iliyoonyesha gari la Kiira EV kutoka Makerere mwaka 2011, na basi la Kayoola lenye paneli mwaka 2016, isiambiwe na muuza paneli kwamba kuchaji gari kwa jua ni ndoto.

Lakini lililonichosha kabisa ni neno la siri. Mipangilio yote niliyoitaja imo ndani ya inveta, na kampuni imeifunga kwa neno la siri ambalo inakataa kunipa. Nikiomba, wanasema dhamana itavunjika. Nikiwaambia waje wabadilishe wao wenyewe, wanataka nilipie ziara ya fundi, halafu fundi akija anasema hajafundishwa sehemu hiyo. Inveta ni mali yangu, risiti ninayo, na mtu asiyehusika na bili yangu ndiye anayeamua jua la kwangu litumikeje.

Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme ndiyo inayotoa vibali vya mafundi wa umeme. Naiomba ilazimishe kila anayefunga sola kumkabidhi mwenye nyumba neno la siri pamoja na mchoro wa nyaya, na kumweleza kwa maandishi, kabla ya malipo ya mwisho, umeme utakwenda wapi betri ikishajaa. Nanyi mliofungiwa sola Wakiso, Jinja, Mbarara au kwingineko, tafadhali angalieni inveta zenu saa sita mchana, muwashe birika, kisha mniambie hapa mlichokiona na kama fundi wenu aliwapa neno la siri.

Barua yangu ya madai kwa kampuni imekwisha kupokelewa na kugongwa muhuri. Jibu likija nitaliweka hapa lilivyo.