MREJESHO: Yule wa Mbeya aliyeachishwa kazi kisa mguu

Habari wakuu. Ni mimi wa Mwanjelwa, niliyekatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda, bosi akaniondoa stoo akidai ngazi sitaziweza, nikaomba ushauri hapa.

Uliyesema nisisaini barua ya "kuacha kwa hiari", Mungu akubariki. Walikuwa wameshaichapa, hadi jina langu wamelikosea. Nikaenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya migogoro ya kazi) kujaza Fomu Namba 1 ya kupeleka mgogoro, zikiwa zimebaki siku 4. Ukiachishwa kazi mwisho ni siku 30, msizembee kama mimi. Kwenye usuluhishi mwanasheria wao alianza kwa mbwembwe, ila kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kazini na kinautaja ulemavu wazi. Akapoa.

Nimerudi tangu Jumatatu, napokea mizigo hapo chini. Mshahara wa miezi miwili niliyokaa nyumbani nimeambulia nusu. Nilikubali, nauli zilishanichosha. Hoja ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, kwamba angalau asilimia 3 ya wafanyakazi wawe watu wenye ulemavu, haikunifaa: inabana waajiri wenye wafanyakazi 20 na kuendelea, sisi tuko 11.

Ndaga fijo (asanteni sana) wote.