Naomba ushauri: kichujio cha chini ya kokoto kinachoendeshwa kwa hewa, Mikindani

Ndugu wanajamvi, nipo Mikindani, Mtwara, na ninajenga bwawa dogo la bustani lenye kina cha sentimita 80 kwa ajili ya perege wachache. Nimekusudia kulaza sakafuni mabomba ya plastiki yenye matundu, niyafunike kwa kokoto, kisha nisimamishe bomba moja ambalo pampu ya hewa itapuliza chini yake, ili mapovu yainue maji na kuyavuta yale ya juu yapite katikati ya kokoto, ambamo bakteria hugeuza amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) kuwa nitriti na hatimaye nitrati, ambayo si sumu kali.

Kinachonitatiza zaidi ni kokoto zenyewe. Huku kwetu zinazopatikana kwa urahisi ni za mawe ya matumbawe, ambayo huyeyuka taratibu na kupandisha pH (kipimo cha asidi au alkali ya maji), na pH ikipanda amonia huwa sumu kali zaidi kwa samaki. Je, nizitumie hivyo hivyo, au nigharamie kokoto za mawe magumu, hata kama fundi ananicheka? Ukubwa wa milimita 5 hadi 10 utazuia kuziba?

Mdomo wa bomba nimeupanga sentimita 5 tu juu ya maji, kwa kuwa kadiri maji yanavyoinuliwa juu zaidi ndivyo yanavyotoka kidogo. Kipenyo cha milimita 50 kinafaa, au ni heri mabomba mawili membamba? Na umeme ukikatika usiku kucha, bakteria walio chini ya kokoto watahimili kukosa oksijeni, au ninunue kabisa pampu ya betri? Tope nalo nitalitoaje bila kufukua kila kitu?